Mapatano na Mbomoaji

Katika vitabu vya yubilei imekuwa desturi kusimulia habari za wajenzi. Twasoma padre gani alipiga kambi chini ya mwembe, bruda gani alichoma tofali za kwanza, akina mama wangapi walichukua maji na mchanga kichwani, na Baba Askofu alibariki kanisa siku gani. Habari hizo ni njema, nasi twazipenda. Lakini yuko mtu mmoja asiyeandikwa katika vitabu hivyo, ingawa mara nyingi alifika kabla ya mjenzi, akafanya kazi yake kwa siku chache, akapokea malipo, akaenda zake. Huyo ndiye mbomoaji. Kanisa jipya likijengwa mahali pa kanisa la zamani, sharti la zamani liondolewe kwanza. Na kwa kuwa mapadre na wazee wa parokia si mafundi wa kazi hiyo, huitwa mtu wa kukodiwa.

Basi twawaomba wasomaji wetu, na hasa walimu, wavumilie tukimtafuta mtu huyo katika tarikhi ya Kanisa. Twataka kujua aliitwa na nani, walipatana nini, na baada ya kwenda zake kilibaki nini. Nasi twasema mapema jambo tunaloliona katika habari hizi, ili msomaji alipime mwenyewe: kilichobaki kilitegemea mapatano kuliko nyundo.

Tuanze Yerusalemu, maana huko watu waliogopa mapema. Mfalme Herode, karibu miaka 20 kabla ya kuzaliwa Bwana wetu, aliwakusanya Wayahudi akawaambia kwamba ataibomoa Hekalu yao, iliyojengwa baada ya uhamisho wa Babeli, ajenge nyingine kubwa zaidi. Yosefo, mwandishi wa tarikhi ya Wayahudi, atusimulia kwamba watu hawakufurahi, bali waliingiwa na hofu. Walisema mioyoni: huyu ataibomoa, kisha fedha zitamwishia, nasi tutabaki bila Hekalu wala mahali pa kutolea sadaka. Herode hakuwa mtu mwema, twamjua. Lakini katika jambo hili alijibu kwa akili. Aliahidi kwamba jiwe moja halitaondolewa mpaka kila kitu cha jengo jipya kiwe tayari. Akaandaa magari 1,000 ya kuchukulia mawe, akachagua mafundi 10,000 wenye ujuzi, akawavika makuhani 1,000 mavazi yao, akawafundisha wengine kuchonga mawe na wengine useremala. Ndipo kazi ikaanza. Sababu ya kuwafundisha makuhani ni wazi: mahali patakatifu hapakuruhusiwa kukanyagwa na mtu asiye kuhani. Nyumba yenyewe ya ndani ilikwisha kwa mwaka mmoja na miezi sita, ingawa nyua na majengo ya kuizunguka yalichukua miaka mingi, kama walivyosema Wayahudi walipobishana na Yesu katika Injili ya Yohane.

Twamtaja Herode kwa sababu ya ile hofu ya watu. Ni hofu ya haki. Kubomoa ni rahisi kuliko kujenga, na fedha ya kubomoa hupatikana upesi kuliko fedha ya kujenga. Tena hofu ile haikutulizwa kwa maneno matamu. Ilitulizwa watu walipoona magari na mawe kwa macho yao.

Sasa tuvuke bahari twende Uingereza, katika mji mdogo wa Lewes ulio upande wa kusini wa nchi ile. Hapo palikuwa na monasteri kubwa ya Mtakatifu Pankrasi, ambayo mwanzo wake wapendeza kusimuliwa. Bwana mmoja Mnormani, William de Warenne, pamoja na mkewe Gundrada, walisafiri kwenda Roma kuhiji. Njiani wakapumzika katika monasteri ya Cluny, nchi ya Ufaransa. Wakaona jinsi watawa wa huko walivyosali na jinsi walivyopokea wageni, wakaguswa moyo sana, wakamwomba Abati awape watawa wachache wa kwenda nao. Hivyo karibu na mwaka 1077 ikaanzishwa monasteri ya Lewes, ya kwanza ya watu wa Cluny katika Uingereza. Gundrada alifariki mwaka 1085, naye William mwaka 1088; wote wawili wakazikwa Lewes katika nyumba waliyoijenga. Watawa hao walifuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ndiyo Kanuni ya wale wamisionari waliofika Dar es Salaam na Pugu mwaka 1888.

Kwa muda wa miaka 450 na zaidi watawa waliimba Zaburi Lewes mchana na usiku. Kisha Mfalme Henry VIII alipojitenga na Baba Mtakatifu, aliazimu kuzifunga nyumba zote za watawa na kutwaa mali zao. Zilikuwa karibu 800. Kuanzia mwaka 1536 mpaka 1540 zote zilikwisha. Mtu aliyeisimamia kazi hiyo alikuwa waziri wake, Thomas Cromwell. Lewes ilitolewa mikononi mwa mfalme mwezi wa Novemba, 1537, naye Cromwell akapewa yeye mwenyewe mahali pale, akataka mwanawe Gregory apate makao huko. Basi kanisa kubwa halikutakiwa tena, likahukumiwa kuangushwa.

Hapa ndipo mbomoaji anapotokea waziwazi, na barua yake ipo. Jina lake Giovanni Portinari, Mwitalia, fundi mwenye kujua kazi za ngome na za vita. Mwezi wa Machi, 1538, alimwandikia Cromwell kumpa hesabu ya kazi. Asimulia kwamba alikuja na watu 17 kutoka London. Kati yao walikuwamo maseremala watatu, wahunzi wawili, mafundi wawili wa risasi, na mmoja wa kutunza tanuru. Kila mtu alikuwa na kazi yake. Watu kumi walikata kuta; katika hao, maseremala walitia miti ya kutegemeza mahali palipokatwa, ili ukuta usiwaangukie wenzao kabla ya wakati wake. Fundi anayeelewa atakubali kwamba hii ndiyo busara yote ya kuangusha jengo la mawe. Hupigi juu ukingoja lipungue. Wakata chini, watia nguzo za miti, wawatoa watu wote, kisha wazivunja au kuzichoma zile nguzo, na jengo hujiangusha kwa uzito wake lenyewe.

Portinari aliandika vipimo pia, kama mtu anayejivunia mnyama mkubwa aliyemwinda. Kanisa lilikuwa na nguzo 32. Kuba moja upande wa kuume wa altare kubwa, lililochukuliwa na nguzo nne, lilikuwa limekwisha kuanguka, yaani kazi ya siku mbili. Sasa walikuwa wakilishughulikia kuba lingine lililo juu zaidi, ambalo nguzo zake nne zilikuwa na unene wa futi 14 kila moja, na mzunguko wa futi 45. Watu wanane wakishikana mikono wasingeweza kuikumbatia nguzo kama hiyo. Wakati huohuo mafundi wa risasi walikuwa wameanza kuyeyusha risasi iliyoezekwa juu ya mapaa, na Portinari aahidi kwamba kazi hiyo itafanyika kwa bidii na kwa kuweka akiba. Hapo twaona jambo lililokuwa moyoni mwa bwana wake: mawe yaanguke upesi, lakini risasi isipotee hata kidogo, maana risasi ilikuwa fedha.

Katika barua hiyo kuna neno moja ambalo lingewachekesha mafundi wetu, au kuwaudhi. Portinari asema kwamba watu wake wa London wana mazoezi mengi kuliko watu wanaopatikana pale mahali. Hilo ndilo shauri la siku zote: je, aitwe fundi wa hapa au wa mjini? Fundi wa mjini ana vyombo na amezoea. Lakini twaona kwamba ustadi si neno la peke yake. Mtu wa mbali hajui ni nani aliyelala chini ya sakafu, wala haulizi. Mtu aliyekua akizisikia kengele za nyumba ile kila asubuhi, mkono wake huwa mzito kidogo. Na uzito huo mara nyingine wafaa, kwa maana humfanya aulize kabla ya kupiga. Cromwell hakutaka mkono mzito. Alitaka watu wa kazi, akawapata, akawalipa, na mapatano yao hayakutaja makaburi.

Matunda ya jambo hilo yalionekana baada ya miaka mingi. Mwaka 1775, katika kanisa la kijiji cha Isfield, maili chache kutoka Lewes, likagunduliwa jiwe la marumaru nyeusi lililochongwa vizuri sana, limewekwa juu ya kaburi la mtu mwingine kabisa. Lilikuwa jiwe la kaburi la Gundrada. Mtu fulani alilichukua baada ya kubomolewa monasteri, akaliona la kufaa, akalitumia. Likarudishwa Southover, karibu na mahali pake pa kwanza. Hata mwaka 1845 wakaja wabomoaji wengine wa kukodiwa, nao ni wafanya kazi wa reli. Njia ya treni ilipangwa kupita katikati ya uwanja wa monasteri. Wakichimba, mwezi wa Oktoba, majembe yao yakagonga masanduku mawili madogo ya risasi. Ndani mlikuwa na mifupa, na juu ya kifuniko cha moja pameandikwa jina la Gundrada, na juu ya la pili jina la William. Risasi yote ya mapaa ilihesabiwa na kuyeyushwa mwaka 1538; risasi ile ndogo iliyofunika mifupa ya waanzilishi haikuonekana na mtu, na kwa hiyo ilisalimika. Mifupa ikapelekwa katika kanisa la Southover, na mwaka 1847 kikajengwa kikanisa kidogo cha kuitunza. Hata hivyo reli ilipita.

Tumesema kwamba Lewes ilikuwa binti wa Cluny. Ajabu ni kwamba mama naye alikufa kifo kama hicho, miaka 260 baadaye, ila mapatano yake yalikuwa ya namna nyingine. Na tofauti hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya.

Cluny ilianzishwa mwaka 910. Kanisa lake la tatu lilianza kujengwa mwaka 1088, zamani za Abati Hugo Mtakatifu. Papa Urbano II, ambaye zamani alikuwa mtawa wa Cluny, aliitakasa altare kubwa mwaka 1095 alipopita huko, na Papa Inosenti II alilitabaruku kanisa mwaka 1130. Urefu wake ulifika mita 187, na kwa muda wa karne nne hapakuwa na kanisa kubwa kama hilo katika nchi zote za Wakristu wa Magharibi, mpaka lilipojengwa upya kanisa la Mtakatifu Petro, Roma. Nyumba zilizokuwa chini yake Ulaya zilizidi elfu. Anayetaka kuelewa ukubwa wake na apime mita 187 katika uwanja wa shule, aweke mtu mwisho mmoja na mtu mwisho wa pili, waitane.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipotokea, serikali ilitwaa mali ya Kanisa. Watawa wa mwisho waliondoka Cluny mwaka 1791. Mwaka 1793 askari na watu wenye ghasia waliingia wakavunja sanamu na makaburi, wakachoma karatasi za tarikhi. Lakini kuta zilisimama. Ghasia, kwa kelele zake zote, haikuliangusha kanisa lile. Lililoliangusha ni mapatano ya biashara, yaliyoandikwa kwa utulivu na kutiwa sahihi. Mwezi wa Aprili, 1798, serikali iliuza majengo kwa wafanya biashara kutoka mji wa Mâcon kwa bei ya zaidi ya franka milioni mbili. Watu hao hawakutaka kanisa wala kiwanja. Walitaka mawe.

Hapa msomaji apime tofauti. Portinari alikuwa mtu wa ujira. Alilipwa ili kazi iishe, na kwa hiyo alikuwa na haraka. Kuba moja siku mbili. Wafanya biashara wa Mâcon hawakulipwa na mtu. Malipo yao yalikuwa ndani ya kuta, nao walipaswa kuyatoa huko jiwe kwa jiwe na kutafuta mnunuzi. Kwa hiyo hawakuwa na haraka. Mtu akihitaji mawe ya ghala, kipande cha ukuta kilianguka. Mwingine akijenga nyumba, kilianguka kingine. Walipitisha barabara katikati ya kanisa, wakaligawa kama mchinjaji anavyogawa ng'ombe. Mahali palipokuwa pagumu walitia baruti, na minara ikaanguka. Serikali nayo ikachukua sehemu ya mahali pale ikajenga mazizi makubwa ya farasi wake, na mawe ya kanisa yakatumika humo. Hivyo kazi iliendelea miaka 25, mpaka mwaka 1823. Watoto waliozaliwa Cluny siku ya kuuzwa kanisa walikuwa watu wazima wenye kuoa siku lilipokwisha.

Kuna watu watakaodhani kwamba kubomoa polepole ni afadhali, kwa kuwa huwapa watu nafasi ya kujuta na kuzuia. Cluny haionyeshi hivyo. Mtu huamka siku moja akasikitika kwa kelele kubwa; lakini kelele ikiwa ya kila siku, huizoea kama kinu cha jirani. Tena kila aliyenunua mawe mawili matatu alikuwa ameshiriki, na aliyeshiriki hawezi kulaumu. Leo kimebaki mkono wa kusini wa kanisa pamoja na mnara wake wenye pembe nane uitwao Mnara wa Maji ya Baraka, na sehemu nyingine ndogo. Vichwa vya nguzo vya mahali pa altare, vilivyochongwa vizuri mno, viliokolewa, vikawekwa katika ghala la zamani la unga la monasteri. Tangu mwaka 1928 mtaalamu Mmarekani, Kenneth John Conant, alichimba misingi kwa miaka mingi ili apate kujua kanisa lilivyokuwa. Mwaka 2010 Cluny iliadhimisha yubilei ya miaka 1,100, na wageni waliofika walionyeshwa mahali pa nguzo kwa alama zilizo chini.

Na tuitazame sasa nchi yetu kidogo, maana tusidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu tu. Baadhi ya makanisa yetu ya kwanza hayakubomolewa kwa mapatano yo yote. Peramiho, Nyangao na Lukuledi yaliteketea kwa moto mwaka 1905 wakati wa vita vya Majimaji. Lakini yale yaliyosalimika, na yale yaliyojengwa baadaye, yamezeeka. Mchwa wameingia, Wakristu wamezidi, Jumapili watu husimama nje. Hatusemi kwamba yasibomolewe. Kanisa ni kwa ajili ya waamini, na nyumba isiyowatosha yaweza kuondolewa bila dhambi. Twasema juu ya karatasi inayoandikwa kabla ya nyundo.

Katika karatasi hiyo mara nyingi huandikwa neno moja linalopendeza wazee wa parokia: kwamba fundi hatadai fedha, bali atachukua bati, mbao na tofali. Parokia huona imepata kazi bure. Ndivyo serikali ya Ufaransa ilivyoona mwaka 1798, tena yenyewe ilipokea fedha juu yake. Lakini mapatano ya namna hiyo humfanya mbomoaji awe mwenye mali. Boriti za mninga zilizokatwa na babu zetu kwa msumeno wa mikono miwili si boriti za parokia tena. Tofali yenye alama ya kidole cha aliyeifinyanga ni tofali yake auze apendapo. Jiwe la msingi, ikiwa halikutajwa, ni jiwe kama mengine. Padre akisema baadaye kwamba alitaka kulihifadhi, fundi atamwuliza mbona hakusema, naye fundi atakuwa na haki. Fundi wa ujira, alipwaye kwa siku au kwa kipande, hana haki hiyo. Lakini huyo naye ana haraka yake, kama Portinari, na haraka yataka kuwekewa mpaka. Kwa maoni yetu ujira wa fedha ni afadhali, hata kama sadaka ya Jumapili kadhaa itakwenda huko, mradi vitu vya kuhifadhiwa vimeandikwa kimoja kimoja, na yupo mtu wa kusimama pale kila siku ya kazi.

Tena kuna neno la hatari, ambalo walimu wawaeleze watoto wanaopenda kutazama. Nyumba hubomolewa kwa kuanzia mwisho wa ujenzi wake: bati kwanza, kisha mbao za paa, kisha vichwa vya kuta, na msingi mwisho. Ukuta mrefu uliopoteza paa lake umepoteza kilichoushika juu. Mvua moja na upepo mmoja hutosha. Tao nalo ni hatari kuliko ukuta, maana mawe yake yasukumana siku zote, na ukiliondoa jiwe moja la kando, mengine hayangoji. Portinari mwenye mazoezi yote yale hakuacha watu wake wakate ukuta bila miti ya maseremala.

Tumebakiwa na Roma. Kanisa la Mtakatifu Petro tunaloliona katika picha si la kwanza. La kwanza lilijengwa na Kaisari Konstantino katika karne ya nne juu ya kaburi la Mtume, likasimama zaidi ya miaka 1,100. Kuta zake zilikuwa zimepinda, na waliosema kwamba litaanguka hawakusema uwongo. Papa Julio II akaazimu kujenga jipya, akaweka jiwe la msingi tarehe 18 Aprili, 1506. Fundi wake mkuu alikuwa Bramante. Huyo alikuwa mjenzi hodari sana, lakini katika kuondoa la zamani alikwenda kwa haraka iliyowachukiza watu. Nguzo za kale ziliangushwa zikavunjika. Michelangelo alinung'unika kwamba zingeweza kuteremshwa nzima, na kwamba kuweka tofali juu ya tofali ni jambo dogo, bali kutengeneza nguzo kama zile ni jambo kubwa. Watu wa Roma, wenye ulimi mkali, wakalipindua jina la Bramante wakamwita Ruinante, yaani Mharibifu. Tena alipokwisha kubomoa upande wa altare, Papa Julio akafariki mwaka 1513, na Bramante mwaka 1514. Kwa miaka karibu 100 kanisa lilikuwa nusu la kale na nusu jipya, na mahujaji walipita katikati ya mawe. Hofu ile ya Wayahudi mbele ya Herode ilikuja kuwa kweli huko Roma.

Lakini nusu ya pili ilibomolewa kwa namna nyingine. Mwaka 1605 jiwe kubwa lilianguka kutoka juu wakati wa Misa karibu na altare ya Bikira Maria. Papa Paulo V akaamuru kwamba sehemu iliyobaki iondolewe. Makardinali wengine walihuzunika, maana humo mlikuwa na makaburi ya Mapapa na altare nyingi. Basi kabla ya nyundo, na wakati nyundo zikipigwa, alikuwapo mtu mmoja mwenye kalamu, Giacomo Grimaldi, mwandishi na mtunza karatasi wa kanisa lile. Kazi yake ilikuwa kuandika kila kitu. Aliandika altare hii ilisimama wapi, kaburi hili lilipofunguliwa lilikuwa na nini, masalia haya yalihamishiwa wapi na siku gani, mbele ya mashahidi gani. Wachoraji wakatia picha za kuta na michoro yake kabla haijaondolewa. Aliandika kwa utulivu wa karani, hasifu wala halaumu, na katika makala haya yote hatuoni mtu tunayempenda kuliko yeye. Kazi kama yake haihitaji mwandishi wa Papa. Mwalimu mwenye daftari, kamba ya kupimia na wanafunzi wawili wa darasa la juu aweza kuifanya katika parokia yo yote kwa juma moja: kupima urefu na upana, kunakili maneno yaliyo juu ya jiwe la msingi, kuandika majina yaliyo makaburini, na kuwauliza wazee ni akina nani waliofyatua tofali.

Kanisa jipya la Mtakatifu Petro lilitabarukiwa tarehe 18 Novemba, 1626. Kitabu cha Grimaldi pamoja na picha zake kimo katika Maktaba ya Vatikano, na kila mtaalamu anayetaka kujua kanisa la Konstantino lilivyokuwa hukifungua hicho kwanza. Hata mawe mengine ya wakati ule yalipata mahali. Juu ya kilima cha Janiculum Papa Paulo V alijenga chemchemi kubwa ya kuwagawia watu maji, ikamalizika mwaka 1612. Mbele yake zimesimama nguzo nne za mawe magumu mekundu, zilizotoka katika mbele ya kanisa la zamani. Safari hii ziliteremshwa nzima.